Jiko Lisilotaka Moto Wala Shaka

Palikuwa na Sultani aliyetoa amri kwamba kuanzia mwezi mpya ni marufuku mjini kwake kuwasha moto wa kupikia, na ni marufuku zaidi kuuliza kwa nini. Majiko ya mkaa yakakusanywa, yakavunjwa, vigae vyake vikafukiwa kwenye mashimo ya barabara. Kila nyumba ikapewa sanduku jeupe, laini kama yai, halina waya, halina mafuta, halina tundu. Liliitwa Jiko Tulivu. Lilipika kwa mawimbi ya ukimya.

Mawimbi ya ukimya ni kitu gani? Kampuni iliyolitengeneza, yenye umri wa miezi minane na wataalamu sita wa kujieleza, iliulizwa hivyo hivyo. Ikajibu kwamba sayansi bado haijafika walipofika wao.

Basi watu wakatia mchele sandukuni, wakanyamaza. Siku ya kwanza wakala mchele uliorowa. Wiki ya pili wakala mchele uliorowa, na sasa matumbo ndiyo yakawa yanasema. Mwasisi wa kampuni, Bwana Mahfudhi, kijana wa shati jeusi lisilo na kola, akatoa taarifa: jiko ni zima, kinachoharibu ni shaka. Mtu mmoja mwenye shaka huvuruga mawimbi ya mtaa mzima.

Mwenye shaka akatafutwa. Hakuwa mbali. Bi Mize, mpishi wa shughuli, aliyepikia nusu ya harusi za mji ule na matanga ya nusu iliyobaki, alikuwa amesema mbele ya wageni, punje zingali mdomoni: "Huu si wali. Huu ni mchele uliokoga."

Akaitwa barazani. Hukumu ilikwisha andikwa kabla hajavua viatu mlangoni: aamini leo, au afunge virago atoke mjini. Na Bi Mize hakuwa na mji mwingine. Mumewe na wazazi wake walilala nyuma ya msikiti wa hapo hapo, na hakuna aliyekuwa tayari kuwahamisha.

"Bibi," Mahfudhi alianza, kwa upole wa mtu anayezungumza na mgonjwa, "una shahada gani ya fizikia?"

"Sina, mwanangu. Nina meno."

"Jiko letu limethibitishwa na jopo huru la wanasayansi."

"Huru na nani?"

"Na sisi. Wao wako ghorofa ya pili, sisi tuko ya kwanza."

"Ahaa. Kuna ngazi katikati."

"Asilimia tisini na saba ya watumiaji wameridhika."

"Waliulizwa kabla ya kula au baada?"

"Kabla. Mtu akishakula, majibu yake huingiliwa na hisia." Mahfudhi akawatazama mawaziri, nao wakaitikia kwa vichwa. "Kila aliyeleta jambo jipya duniani alichekwa, bibi."

"Kumbe marehemu mume wangu alikuwa mgunduzi mkubwa. Alichekwa mpaka siku ya kufa."

Sultani akapiga mguu sakafuni. "Maneno basi. Pikeni."

Jiko likawekwa nyuma ya pazia la mahameli, karibu na mlango wa uani, kwa kuwa mawimbi, alieleza Mahfudhi, yana haya. Saa nzima ikapita. Pazia likafunguliwa, mfuniko ukainuliwa. Wali mweupe, umechambuka, unatoa moshi, unanukia nazi. Baraza zima likaguna kwa raha.

Bi Mize akasogea, akauchungulia. Juu ya wali palikuwa na ukoko mwembamba wa rangi ya kahawia. Juu, si chini. Mpishi yeyote wa pwani anaujua ukoko huo: huja kwa kupalia, pale wali unapokaribia kuiva ukawekewa makaa juu ya mfuniko. Huko nyuma kulikuwa na mtu na moto wake, na maskini wa Mungu, alikuwa hodari mno, hakuweza kupika vibaya hata kwa siri.

Bi Mize angeweza kusema. Lakini Sultani alikwisha tabasamu, na Sultani aliyetabasamu hapendi kuonyeshwa mbele ya mawaziri wake kwamba amechezewa.

"Umeona?" aliuliza Sultani.

"Nimeona, Seyyid. Nami nilisimama hatua tatu tu kutoka hapo, na shaka yangu yote nimeibeba."

Sultani akamgeukia Mahfudhi. "Wewe ulisema shaka moja huharibu mtaa mzima."

Mahfudhi hakukosa jibu. Watu wa aina yake hukosa vyote isipokuwa jibu. "Wali ndio ushahidi, Seyyid. Mama huyu ameamini bila kujijua. Naapa mbele yako, moyoni mwake hamna shaka hata chembe."

"Ni kweli, Bi Mize?"

"Mtaalamu ameapa, mimi nani nimpinge? Nimeamini. Basi siondoki tena?"

"Huondoki."

"Ahsante, Seyyid. Na kwa kuwa sasa humu hamna mwenye shaka, nina ombi dogo. Apike tena, pazia likiwa wazi, nami nijifunze."

"Pazia lina kazi yake," Mahfudhi akadakia. "Macho ya wenye shaka..."

"Ya nani?" akauliza Bi Mize.

"Eeh, ya nani?" akauliza Sultani.

Pazia likaondolewa. Saa ya kwanza ikapita kimya. Ya pili ikapita, waziri mmoja akakoroma. Mfuniko ukainuliwa: mchele, maji, na nzi mmoja anaogelea kwa starehe zake.

"Kuna shaka humu," alisema Mahfudhi, uso umemlowa jasho. "Naihisi. Kali sana."

Sultani akasimama. "Amri yangu iko palepale. Mwenye shaka anatoka mjini leo hii. Ni nani?"

Macho yote yakamwendea Bi Mize.

"Mimi nimeshaapiwa na mtaalamu," alisema. "Wewe, Seyyid, nani athubutu kukudhania? Mawaziri wako huamini chochote, ndiyo kazi waliyopewa. Hebu tumuulize mwanangu huyu: saa mbili zote alizokuwa akilikodolea macho sanduku lake, jasho lile lilikuwa la imani?"