Zamu ya Maji ya Nakijwa

Niseme au ninyamaze? Semeni "sema" basi, nisione nasema na ukuta. Haya.

Kale, kale iliyokwisha kuzeeka, milima ilipokuwa bado inachagua pa kukaa, palikuwa na mji wa pwani, na mji ule ulikuwa na mtawala aliyeitwa Jumbe, na Jumbe alikuwa na kero moja. Watu wa mlimani walishuka kuuza ulezi na asali, wakagombana na watu wa mji, na kadhi alipohukumu waliondoka wakitikisa vichwa. Mwaka wa kwanza walitikisa vichwa. Mwaka wa pili walitikisa vichwa. Mwaka wa tatu hawakushuka kabisa, na mji ukala samaki bila ugali.

Jumbe akamwita Mwinchande, kijana aliyekuwa akisomea ukadhi. Akamwambia, "Panda mlimani ukakae nao, ujifunze sheria yao. Kadhi wetu amezeeka. Ukirudi na sheria ya watu wale, kiti ni chako."

Mwinchande alikitaka kile kiti. Tusimfichie. Alikitaka tangu akiwa mdogo kama wewe unayeguguna kucha hapo. Akafunga karatasi na wino, akapanda. Akapanda siku moja, akapanda siku mbili, siku ya tatu akafika kwenye kijiji cha migomba na mifereji, akapokewa na mjane aliyeitwa Nakijwa, mwenye shamba moja la ulezi na maneno machache.

Asubuhi akaenda kwa wazee. Mkubwa wao alikuwa Mrutu, mzee wa mfereji, yaani ndiye aliyepanga zamu za maji ya kumwagilia mashamba. Mwinchande akaamkia, akakaa, akachovya kalamu.

"Mzee wangu, kwenu adhabu ya mwizi ni nini?"

"Mwizi yupi?"

"Mwizi yeyote."

"Huyo hajafika hapa," akasema Mrutu.

"Basi mtu akimpiga mwenzake?"

"Nani kampiga nani?"

"Mtu tu, mzee."

Wazee wakatazamana, wakamwonea huruma. Akauliza siku ya pili, wakamjibu vile vile. Akauliza siku ya tatu, wakamjibu vile vile. Jioni yake akaandika: Watu hawa hawana sheria. Msicheke sana, hata nyinyi mngeandika hivyo hivyo.

Alipochoka kuuliza akaamua kupima. Kule juu mfereji mkubwa uligawanyika matawi, na kila tawi lilizibwa kwa kipande cha mgomba na tope, likafunguliwa kwa zamu. Kila nyumba ilipata maji siku moja katika sita. Mwinchande akataka kujua nyumba moja inapata maji kiasi gani. Akachomoa kizibo, akapima kwa uzi, akaandika, akakirudisha. Alikirudisha kwa haraka ya mtu ambaye maisha yake yote amekunywa maji ya kisima. Maji yakavuja mchana kutwa yakaishia kichakani, na siku ile ilikuwa zamu ya jirani aliyeitwa Senkondo. Maharage ya Senkondo yalikuwa yakingoja maji yale tu. Yakanyauka.

Kesho yake kikao kikaitwa. Mwinchande alifurahi, Mungu amsamehe, maana sasa angeona hukumu kwa macho yake. Akaja na karatasi zake akakaa mbele. Senkondo akasema yake, Mrutu akasikiliza. Kisha Mrutu akageuka, akampita Mwinchande kwa macho, akamtazama Nakijwa.

"Nakijwa, umekosa. Zamu yako ya maji itakwenda kwa Senkondo mpaka avune tena."

"Nimesikia, baba," akasema Nakijwa.

Mwinchande akasimama. "Si yeye, mzee. Mimi ndiye niliyechomoa."

"Tunajua."

"Basi nihukumuni mimi."

"Wewe ni nani hapa?" Mrutu aliuliza bila ukali. "Mfereji huu hukuuchimba. Huna shamba, huna zamu. Tukikuhukumu leo, kesho umeshuka zako na hukumu imebaki hewani. Wa kutujibu ni yule aliyekupa mlango."

Wino ukamkaukia kwenye kalamu. Ulezi wa Nakijwa ulikuwa umeanza kutoa maua. Ungeweza kukosa zamu mbili ukajikongoja. Zamu ya tatu ukikosa, basi, na chakula cha mwaka mzima kimekwenda. Nakijwa hakumgombeza. Alimpa uji wake kama kila siku.

"Mama, nikaripie basi."

"Nikikukaripia ulezi utakunywa?"

"Nifanye nini ili wanihukumu mimi?"

"Kesho wanasafisha mfereji. Jembe lile pale."

Akachimba. Siku ya kwanza viganja vikatoka malengelenge. Siku ya pili malengelenge yakapasuka. Siku ya tatu akachimba, ya nne akachimba, na hakuna aliyemsemesha. Zamu ya kwanza ya Nakijwa ikapita. Zamu ya pili ikapita, majani ya ulezi yakaanza kujikunja.

Siku iliyofuata akaja mjumbe kutoka pwani, jasho linamtiririka. "Bwana Mwinchande, kadhi amefariki. Jumbe anasema ushuke leo. Asipokuona baada ya siku nne, kiti anampa mwingine."

Mwinchande alikuwa ndani ya tope hadi magotini. Akamgeukia Mrutu.

"Nikiondoka leo, mzee?"

"Njia ni ile."

"Na mama Nakijwa?"

"Atabaki alivyo."

"Nikikaa?"

Mrutu akakwangua tope kwenye jembe lake. "Kimebaki kipande cha mwambani. Siku tano."

Alihuzunika, wajukuu zangu. Aliona kiti kinakwenda, na alikuwa akikipenda kwa moyo wake wote. Akamwambia mjumbe, "Mwambie Jumbe sijamaliza kujifunza." Akainama, akachimba.

Akachimba mwambani siku tano, na siku ya tano maji yakapita. Ndiyo iliyokuwa zamu ya tatu ya Nakijwa. Wazee wakakaa pale pale matopeni, hata mikono hawajanawa, na Mrutu akamwita kwa jina, yeye ambaye siku zote aliitwa mgeni.

"Mwinchande. Ulichomoa kizibo siku ya Senkondo, ukamnyima maji. Wewe ndiye uliyekosa."

"Nimekosa, baba," akasema, na machozi yakamtoka kwa furaha.

"Utampandia Senkondo maharage mapya kwa mikono yako, uyapalilie mpaka ayavune. Nakijwa, chukua maji yako."

Nakijwa hakungoja kikao kiishe. Mama wa watu, na umri wake ule, alishika jembe akakimbia.

Mwinchande alipanda, akapalilia, Senkondo akavuna, ndipo akashuka pwani. Kiti alikuta kimekaliwa. Hakukikalia mpaka anakufa. Lakini alishajua kwa nini watu wa mlimani walitikisa vichwa: walihukumiwa na mji usiowahesabu kuwa wake.

Basi ukitaka kujua sheria ya watu, usianze kwa kuuliza wanamwadhibuje mkosaji. Tazama kwanza ni nani wanayemhesabu kuwa mwenzao, kisha uone kama wewe umo.

Nami nimesema, na kinywa changu nakifunga. Aliyesikia aende nacho kisa, aliyesinzia akamwulize jirani.