Ukuta wa Bwalo na Ndoo ya Asali

Wahenga walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu, yaani anayekiharakia kitu kwa tamaa hukikosa kikiwa mlangoni mwa kinywa. Fikiri wa kidato cha sita aliisikia methali hii tangu utotoni, ikamwingia sikio hili na kutokea la pili.

Shule yao, nje kidogo ya mji wa Tabora, ilikuwa na bwalo jipya lenye ukuta wa mbele ulioishia juu kwa tao. Mwalimu Consolatha wa hisabati akatangaza shindano. Picha ya ukuta ingeingizwa kwenye kompyuta, mwanafunzi aijaze mistatili iliyosimama, na programu ijumlishe maeneo yake. Atakayelikaribia zaidi eneo la kweli kabla ya kengele angezawadiwa ndoo ya asali ya Sikonge.

Fikiri aliitaka asali ile kwa udi na uvumba. Alikwisha kuwaahidi wenzake wa bweni, nao, bila haya, waliketi nyuma ya darasa na vipande vya mkate walivyovitunza tangu chai ya asubuhi.

Akaanza na mistatili minne. Pembe zikatokeza nje ya tao kama viwiko vya watu waliobanana kitandani. Akaweka ishirini, mapengo yakapungua. Akaweka mia, ukuta ukajaa vizuri mno.

“Inatosha! Andika jibu tule,” Masolwa, mmoja wa wenzake wa bweni, alimhimiza kutoka nyuma.

Fikiri akamtupia jicho mshindani wake Elieth, aliyekwisha kuandika jibu lake kwa mistatili hamsini tu, akacheka. “Hamsini ni ya watoto. Mimi napiga milioni!”

Akabofya. Kompyuta, kongwe maskini, ikanguruma kama mashine ya kusaga mahindi, kisha ikaganda. Fikiri akaipapasa, akaipuliza, akaibembeleza kwa Kinyamwezi. Kioo kikawa cheusi tii. Kengele ikalia.

“Mwalimu, ile ya mia ilikuwa sahihi kabisa, niliiona!”

“Jibu lake liko wapi, mwanangu?”

“Sikuliandika,” alijibu, machozi yakimlengalenga.

Ndoo ikaenda kwa Elieth. Naye, kwa huruma, akapita akimpakia kila mwenye mkate asali mpaka ikachuruzika vidoleni. Alipomfikia Fikiri, akasimama na kijiko hewani.

“Mkate wako uko wapi?”

Fikiri akainamisha kichwa. Aliumaliza asubuhi ile ile, mkavu, kwa kushindwa kuisubiri asali. Kweli, mwenye pupa hadiriki kula tamu.