Kikapu Ambacho Hakikuingia Ghalani

Paukwa!

Pakawa.

Sogeeni basi, wakubwa kwa wadogo. Kuna jambo nimeligeuza kichwani miaka mingi na bado halijanikalia sawa. Aliyejifunza kwa kufumua kazi ya mwenzake, iweje awakataze wengine wasifumue yake? Nitawahadithia, labda mmoja wenu atanijuza.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na vyuo vyao, palikuwa na Chuo cha Majabali. Mtunza ghala alikuwa Nungunungu. Yeye ndiye aliyenunua vikapu vya nafaka, na vyote alivinunua kwa Mnana, ndege msusi, maana fundi mfano wake hakuwapo.

Nungunungu alikuwa na taabu moja. Kila kikapu alichobeba mgongoni, miiba ilikitoboa. Tobo! Mtama ukamwagika, chururu, chururu, njia nzima, na kanga wakimfuata nyuma wakidonoa. Mnana alimcheka mpaka akachoka. Kisha akamsukia kikapu chenye mgongo wa tabaka tatu na mdomo uliokunjwa kwa ndani. Hakikutoboka.

"Sasa, Bwana Miiba," akasema, "wale kanga wako watalala njaa."

Tangu siku hiyo wakawa marafiki.

Pale chuoni palikuwa na desturi. Mwanafunzi wa ususi hakufundishwa kwa maneno. Alipewa kikapu cha fundi akakifumua, ukindu mmoja mmoja, akatazama, akakisuka upya. Fumua, tazama, suka. Fumua, tazama, suka. Mnana mwenyewe alijifunza hivyo hivyo, kwa kufumua vikapu vya Kwera mzee, fundi aliyemtangulia.

Ikawa Chiriku, mmoja wa wanafunzi, amehitimu. Akasuka kikapu, akakunja mdomo kwa ndani. Mnana alipokiona, akaruka moja kwa moja hadi mtoni kwa Kiboko, hakimu wa wanyama.

"Mkunjo huu ni wangu," akasema. "Nimeutafuta masika mawili."

"Sikuiba kikapu chake," akasema Chiriku. "Nimesuka changu, kwa ukindu wangu."

Kiboko akazama, chubwi! Akakaa huko chini. Akaibuka.

"Mkunjo ni wa Mnana. Mwingine asiukunje, wala asiufumue kuutazama."

Chuoni, wanafunzi wakakaa mbele ya vikapu, vyote vyenye mkunjo wa Mnana, mikono mapajani. Hakuna aliyethubutu kuvuta ukindu. Siku ya kwanza, tuli. Siku ya pili, tuli.

Pimbi, mkuu wa chuo, akawaita wakuu wa Chuo cha Msituni na Chuo cha Tambarare. Wakasema: vikapu vya Mnana, wanunuzi wake ni sisi. Basi tusinunue hata kimoja mpaka afute kesi.

"Mnana si mbaya," akasema Nungunungu. "Ana hofu tu."

"Hakuna aliyesema ni mbaya," akajibu Pimbi. "Lakini wanafunzi hawa watajifunzaje?"

Pimbi akamtaka Nungunungu ampelekee Mnana habari hiyo.

"Basi atumwe mwingine," akasema Nungunungu.

"Akiambiwa na mwingine, atajua umejificha."

Nungunungu akaenda, chakacha, chakacha, kikapu chake mgongoni. Mnana alikuwa ameshapanga vikapu vya mavuno, safu juu ya safu.

"Umechelewa, Bwana Miiba. Anza na hivi."

"Sichukui, dada."

"Vina kasoro?"

"Havina."

Akamweleza yote. Mnana akasikiliza huku akichambua ukindu.

"Kwa hiyo kazi yangu mnaipenda, mimi ndiye hamnitaki."

"Futa kesi. Nitavibeba vyote leo, hata kwa safari kumi."

"Nikifuta, kila mti utakuwa na mkunjo wangu. Mimi nitabaki na nini?"

"Ulipofumua vya Kwera mzee, Kwera alibaki na nini?"

Mnana akaacha kuchambua.

"Alibaki peke yake," akasema.

Labda hilo ndilo jibu langu, labda silo. Nungunungu akakishusha kikapu chake. Kisha akakiweka juu ya safu.

"Hicho hakikununuliwa," akasema Mnana. "Nilikusukia wewe."

"Najua, dada. Lakini ghalani hakiingii."

Mnana hakufuta kesi. Vikapu vyake vililiwa na mchwa pale pale. Wanafunzi wakarudi kufumua, wakifumua vya Chiriku vyenye mdomo wa kawaida, na mkunjo ule leo hakuna aujuaye.

Funzo lake ni hili: ukiwazuia wenzako kujifunza kazi yako, kazi hiyo itapotea pamoja nawe. Na anayekupinga kwa haki, naye hupoteza kitu.

Yangu inakomea hapo. Wakuu watatu waliamua kikapu cha Mnana kisiingie ghalani, na aliyetekeleza ni Nungunungu, aliyebeba mtama wa mavuno yale kwa kikapu kingine, chururu, chururu, kanga wakimfuata nyuma.