Farasi Mwoga wa Kidawa

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni vizuri. Anayeitikia kwa usingizi simsimulii. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisemezana, palikuwa na korongo. Ng'ambo hii mikuyu, ng'ambo ile mikuyu. Tumbili walikaa ng'ambo hii, wakala makuyu. Yakiisha, huvuka. Huvukaje? Juu kwa juu, tawi kwa tawi. Hopu! Huyo. Hopu! Na huyo.

Isipokuwa Kidawa. Kidawa alikuwa tumbili mdogo wa kike, na siku moja tawi lilimkatikia. Akaanguka, pu! Mguu ulipona. Moyo haukupona. Tangu hapo hakuruka hata msafara wa siafu.

Makuyu yakaanza kuisha. Mkubwa wa kundi akasema, "Mwezi ukiandama tunavuka. Chui ameanza kunusanusa huku. Asiyeweza kuvuka, shauri yake."

Mama yake Kidawa akasema, "Basi mimi nabaki na mwanangu."

"Utaliwa, dada."

"Nitaliwa naye."

Kidawa aliyasikia hayo. Akaenda kando ya korongo kulia. Pundamilia mzee alikuwa akipita, akasimama.

"Mjukuu wangu, unalilia nini?"

"Shikamoo, babu. Naogopa kuruka. Na nisiporuka, mama ataliwa kwa ajili yangu."

Pundamilia akatafuna majani, akafikiri. "Kule mbugani watoto wana mchezo wao. Wanapanda farasi wa kijiti. Nguchiro anapanda, ngiri anapanda, hata kanga. Wanashindana kuruka vikwazo, na mwamuzi wao ni mimi. Tengeneza wako, nikufundishe."

"Babu, wewe umewahi kupandwa?"

"Anipande nani? Athubutu aone. Lakini farasi anavyotaka kutendewa, najua."

Kidawa akatafuta fimbo. Kichwa akakifanya kwa kibuyu, shingoni akafunga nyuzi za katani zikawa manyoya, akatia hatamu ya ukindu. Akapanda. Patapa, patapa, patapa. Akafika kwenye kikwazo, ufito uliolazwa juu ya mawe mawili. Akasimama ghafla.

"Farasi ameogopa," akasema.

Mimi ningecheka, na wewe pale nyuma ungecheka. Pundamilia hakucheka. "Farasi mwoga hapigwi," akasema. "Huambiwa maneno mazuri. Mwambie."

Kidawa akainama, akamwimbia sikioni. Nanyi mwimbieni:

*Usiogope, farasi wangu, usiogope,*
*chini hakuna chetu, macho yako mbele,*
*niko nawe, farasi wangu, usiogope.*

Hopu! Wakaruka. Kesho yake ufito ukapandishwa hadi gotini, halafu kiunoni, halafu kifuani. Kila mara farasi aliogopa, na kila mara Kidawa alimwimbia. Tumbili waliokuwa juu ya miti walicheka hadi mbavu zikawauma. "Njooni mwone, mtoto wa tumbili kapanda ukuni." Kidawa hakuwa na wakati nao. Alikuwa na farasi wa kumtuliza.

Mwezi ukaandama. Kundi likavuka, hopu, hopu, hopu. Mama akabaki na mwanawe. Na kule kichakani, jamani, majani yakafanya kwacha, kwacha. Chui.

Mama akasimama katikati, chui huku, mwanawe kule. Kidawa akauona mgongo wa mama yake ukitetemeka. Akapanda farasi. Akainama, akamwimbia, sauti ndogo kabisa. Patapa, patapa, patapa, hadi ukingoni. Na ukingoni hakusimama.

Ndugu zangu, nisemeje? Manyoya ya katani yalilala na upepo. Korongo lote lilikuwa chini yake, na mawe yake na kina chake. Ng'ambo ile tumbili waliacha kutafuna, makuyu yakabaki midomoni. Chui mwenyewe alisahau alichokuja kukitafuta, akakodoa macho. Hapakuwa na tumbili aliyewahi kulivuka korongo lile bila kushika tawi. Walijua wanaona jambo ambalo hawataliona tena, na hakuna aliyethubutu kupumua.

Pu! Akatua ng'ambo. Mama yake akaparamia mti kabla chui hajazinduka, hopu, akamfuata.

Mkubwa wa kundi akaja polepole. Akakigusa kile kichwa cha kibuyu kwa ncha ya kidole, kwa adabu, kama anayegusa mtoto wa wenyewe. "Kijiti hiki kina nguvu gani?" akauliza.

"Hana nguvu yoyote, mjomba," Kidawa akajibu. "Alikuwa anaogopa. Ningemwachaje peke yake?"

Mama yake aliposikia maneno hayo alikaa chini akalia.

Basi, wadogo kwa wakubwa, funzo ni hili: anayemtuliza mwoga mwenzake, hutulia yeye kwanza. Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye kijiti na apande, asiye nacho ampishe.