Jumba la Daraja la Tatu

Palikuwa na Sultani mmoja, Badawi, aliyemiliki mbuga za Chilungule kutoka mwanzo hadi mwisho na bado akilala anaota za jirani. Siku moja akasikia kwamba huko kwa walioendelea nyanda za malisho hupangwa madaraja: unapima udongo, unaangalia maji, unatazama mimea gani imeota pamoja, ndipo unasema hii bora, hii hivi hivi, hii takataka. Sultani akaipenda elimu ghafla, kama fisi anavyopenda msiba.

Akatoa amri. Ardhi ya daraja la kwanza, ya Sultani. La pili, ya mawaziri. La tatu, ya raia, nao wamshukuru Mungu.

Nani apime sasa? Waziri hakujua tofauti ya nyasi na mchicha. Ndipo wakamkumbuka Ndahani.

Ndahani alikuwa na digrii ya malisho. Alikuwa pia na mbuzi tisa wa mama yake, na katika nyumba ile wenye kazi ya kueleweka ni mbuzi. Barua za maombi kumi na moja alizipeleka kwenye jumba la Sultani. Ya kumi na mbili hakuandika, maana ile ya tisa aliikuta sokoni imefungiwa karanga.

Mlangoni mlinzi akamzuia. "Viatu, kaka. Ukiingia kwa watu unaviacha nje. Ndiyo desturi."

"Mbona Sultani yule pale kavaa?"

"Yule yuko kwake."

Ndahani akavua, akaingia. "Mbukwa, mheshimiwa."

"Utapima nchi nzima kwa mwezi mmoja," Sultani akasema, salamu ameiacha hewani.

"Na mshahara?"

"Utapata uzoefu."

"Ahsante. Nyumbani tutaupika na mlenda."

"Ulimi unao. Sasa sikia: ukidanganya daraja hata moja, mbuzi wa mama yako ni mchuzi wangu."

Ndahani akawaza bonde la Kinyasi, ambako kijiji kizima hukimbilia na mifugo yao kiangazi kikikaza. Kwa kipimo chochote duniani, Kinyasi ni daraja la kwanza. Akisema kweli, bonde limekwenda. Akisema uongo, mbuzi wamekwenda.

"Naomba maelekezo basi," akasema, "sisi wasomi bila karatasi hatutembei. Nipime ardhi yote?"

"Yote. Usibakize hata shubiri."

"Kwa udongo, maji na mimea tu? Nisiulize ya nani?"

"Ardhi haijui jina la mtu."

"Na nikimkuta mtu amekaa kwenye daraja lisilo lake?"

Sultani akawaza wafugaji na ng'ombe wao, akatabasamu. "Atoke siku hiyohiyo."

"Hata awe mkubwa?"

"Sheria haina mjomba, kijana. Waziri, andika hivyo hivyo. Piga muhuri."

Muhuri ukapigwa, pa!

Mwezi ukaisha. Ndahani akarudi mweusi kwa jua, viatu akaviacha mlangoni mwenyewe bila kuambiwa, akafungua daftari.

"Kinyasi. Udongo mweusi, unashika unyevu. Maji, chemchemi mbili, kiangazi hazikauki. Mimea, nyasi tamu aina saba zimeota pamoja kama ndugu wa baba mmoja. Daraja la kwanza."

"Safi sana." Sultani akajisugua tumbo. "Endelea."

"Nimebakiza shubiri chache tu." Akapiga goti hapohapo mbele ya kiti, akakwangua sakafu kwa ukucha. "Udongo, kokoto na chokaa. Maji hamna, yanaletwa na punda. Waziri, nikosoe. Mimea, waridi moja kwenye kopo, nalo la plastiki. Hapa hata mbuzi wa mama hamalizi siku mbili. Daraja la tatu."

Waziri akaanza kuuchunguza muhuri wake kana kwamba ndiyo kwanza anauona.

"Hili ni jumba langu," Sultani akasema taratibu.

"Ardhi haijui jina la mtu."

"Nitawachinja wale mbuzi."

"Kwa uongo upi? Nionyeshe nyasi, mheshimiwa, nami nitafuta."

Sultani akatazama sakafu. Akatazama kopo. "Na mimi nikalale wapi?"

"Kinyasi. Kwako kuzuri: tope mpaka magotini, mbu hawana likizo, na fisi wakija kunywa maji watapita kukuamkia. Au tuichane hii karatasi, kila mtu abaki alipo na bonde libaki na wenyewe."

Sultani akakohoa, akavuta kiti karibu, sauti ikalainika kama ya mwenye shida. "Haya, bwana Ndahani. Tuongee kiutu uzima."

"Tutaongea," Ndahani akasema, macho yakimshuka polepole mpaka miguuni. "Ila vua viatu kwanza. Umeingia kwa watu."