Jina la Mwinyi Ngwali

Mjini Chekeni, jina la mtu likishakolea kazi halibanduki. Kinyozi wa kwanza aliitwa Pandu, basi kila kinyozi akawa pandu. Na kila mshonaji akawa songoro, hata kama mamake alimpa jina la mtume.

Tajiri wa mji, Mwinyi Ngwali, wivu ukamla. Akamwendea mpangaji wake Mize, muuza mbaazi, bingwa wa kubandika watu majina, akamkuta na wateja wake wakila.

"We Mize! Nataka na langu liwe neno. Nikirudi safari nisipolisikia katika kila mdomo, utahama nyumbani mwangu."

"Na ukilisikia, Mwinyi?"

"Nyumba itakuwa yako! Hawa wala mbaazi wako ni mashahidi."

"Basi toa fedha, mji ufanyiwe bure kazi moja ambayo hakuna nyumba isiyoihitaji. Wafanyaji tutawaita kwa jina lako."

"Kazi gani?"

"Ah, Mwinyi! Mtu mkubwa anauliza bei ya kitunguu? We safiri."

Mwinyi akatoa fedha, akasafiri. Aliporudi, alilakiwa na jina lake vichochoroni. Watoto waliliimba, wanawake waliliita madirishani. Kifua kikamvimba, akaualika mji mzima karamu. Watu wakala, wakashiba, wakapishana uani.

Mara mama mkwe wake akatoka huko ameziba pua.

"Jamani, choo kimefurika! Niitieni ngwali!"

Wanaume wawili wakaingia na ndoo zao. "Hodi! Ngwali tumefika!"

Mwinyi akamtafuta Mize kwa macho. Wala mbaazi wakamwambia yuko kwake, anabadilisha kufuli.