Meza Yenye Pedeli

Nisikilizeni, wapendwa. Fundi mmoja wa kushona nguo alifilisika. Hakuwa mlevi wala mvivu. Alichukua vitambaa kwa mkopo, akashona sare za shule nzima, na mwenye shule akahama mji bila kulipa. Basi fundi akawa anakopa kwa huyu amlipe yule, anakopa kwa yule amtulize mwingine. Mnacheka? Wanaocheka sana ndio wanaoijua njia hiyo.

Wadai walipofika tisa, alikwenda kwenye ofisi inayoshughulikia waliofilisika. Alimkuta mama mmoja wa makamo, mpole.

"Baba, njia zipo mbili," mama alimwambia. "Kwanza tunawaita wadai wako, mkubaliane ulipe kidogo kidogo kwa kadiri unavyoweza. Wakikataa, unakwenda mahakamani, mali yako inauzwa wanagawana, na deni linalobaki linaweza kufutwa. Ila njia zote mbili zinaanza na karatasi moja. Kaniandikie kila ulicho nacho."

Kila kitu? Fundi alirudi nyumbani hana raha. Na cherehani je? Watoto watakula nini? Akaing'oa kichwa, akakifunga kwa shuka, akakipeleka uvunguni kwa shemeji yake. Kisha akaandika orodha: kitanda, redio, sufuria nne, meza moja ya chuma.

Siku ya kuhakiki mali, mama yule alifika nyumbani na karatasi yake. Akaona kitanda, akahesabu sufuria. Halafu akainama.

"Baba, hii meza yako mbona ina pedeli?"

Jasho likamtoka fundi wa watu.

"Nimekificha kichwa chake, mama. Nisamehe. Niliogopa mtakichukua."

Mama akavua miwani. "Hukuniuliza, baba yangu! Sheria inamwachia fundi chombo chake cha kazi. Inamwachia hata matandiko yake. Lakini mimi nitakuachiaje kitu ambacho umeniambia huna? Kinachofichwa ndicho kinachomponza mtu. Kakilete, tuandike upya."

Fundi akaketi sakafuni akalia. Siku zote zile alikuwa anamkimbia mtu aliyekuja kumwachia.

Ndugu zangu, nikifika hapa mwili hunisisimka. Sheria ya wanadamu, sheria ya mihuri na foleni, imetenga nafasi ya kumhurumia aliyeshindwa! Mtu anasimama mbele yake mikono mitupu, nayo inamwambia: shika chombo chako, kesho ukafanye kazi. Kama wanadamu wameweza hilo, huruma ya Mungu ina ukubwa gani? Mimi siwezi kuipima.

Na sisi je? Tunamletea Mungu orodha ya sufuria. "Bwana, nina hasira kidogo. Bwana, nilichelewa ibadani." Shamba la mayatima unalolima mwaka wa saba sasa, umeliandika wapi? Ndugu yako uliyeapa hutamzika, yumo kwenye karatasi? Tunaficha, kisha tunashangaa mbona hatusamehewi. Atusamehe nini, nasi tumesema hatuna?

Msitazamane. Mimi mchungaji wenu ninacho changu, nimekificha miaka kumi na moja, hata mke wangu pale mbele hakijui. Piga magoti, kanisa. Leo nakitaja kwa sauti, na ninaanza mimi.